Bushi Nne za Mpingo

Cheti cha Orlando Nandonde cha majaribio ya ufundi wa magari, daraja la kwanza, kina tarehe 17 Juni 1998. Kimetundikwa kwenye gereji yake ya mabati huko Rahaleo, na tangu siku hiyo mwenyewe amefanya kazi akiwa amelala chali zaidi ya akiwa amesimama. Ana miaka hamsini na minane. Mkono wa kulia haupandi tena kupita bega, na asubuhi mkewe, Telma, ndiye humvalisha shati.

Kwa hiyo Samweli alipoingia na gari lake dogo la spoti, la milango miwili, Orlando hakulitazama gari kwanza. Alimtazama Samweli. Huyu ni msimamizi wa karakana ya malori kule Mtawanya, na karakana ilikuwa ikitafuta mkaguzi, mtu wa kusimama, kusikiliza injini na kutia sahihi. Kulala chini ya gari hakumo katika kazi hiyo.

"Ijumaa jioni napeleka jina," Samweli alisema. "Hizi gia zikiingia sawasawa, mzee wangu, jina ni lako."

Injini ya gari hilo iko nyuma ya viti, mkono wa gia uko mbele. Kinachoviunganisha ni fimbo ndefu ya chuma inayopita chini ya sakafu, ikiwa imeshikwa na bushi nne za plastiki, pete ndogo ambazo fimbo huteleza ndani yake. Zote zilikuwa zimelika. Mkono wa gia uliyumba kama mwiko kwenye uji. Ukitafuta ya pili unapata ya nne, na rivasi iliingia siku ikitaka.

Kuifungua tu kulichukua siku mbili, maana chumvi ya pwani ilikuwa imezifunga nati zote. Orlando aliinyoosha fimbo, akaisugua kutu, akaziba kwa kulehemu tundu lililopanuka, akalitoboa upya. Kila alipotoka chini ya gari alikaa kwanza kwenye tairi, akasubiri bega linyamaze. Zikabaki bushi. Dar es Salaam hazikuwepo, na kuagiza nje ni wiki saba.

Alikwenda kwa Helder, kaka yake Telma, mchonga vinyago vya mashetani.

"Shemeji, leo umekuja kununua shetani?"

"Mashetani ninayo ya kutosha chini ya magari. Nikerezee pete nne za mpingo, kipimo hiki."

Helder alizikereza kwa mpingo mkavu aliokuwa ameuweka miaka, mweusi, mzito kama chuma. Akazijaribu kwenye kipande cha fimbo. Ziliteleza bila sauti.

"Usizipake kitu," alisema. "Mpingo una mafuta yake."

Orlando aliitikia, akaondoka. Lakini nyumbani kwao, karibu na Ruvuma, ambako wazazi wake walihamia kutoka ng'ambo, Msumbiji, mti uliofanyiwa kazi haukutumika mpaka ulowekwe kwenye mafuta meusi ya maganda ya korosho, usiliwe na mchwa. Nguzo, fremu za milango, mipini ya majembe, vyote vilipita humo. Alichukua kopo, akazitumbukiza bushi kutwa nzima, akazifuta, akazifunga. Hata hakufikiri. Mkono ulifanya wenyewe.

Ijumaa saa nne walitoka kujaribu. Samweli aliendesha, Orlando akakaa pembeni na bega lake. Gia ya kwanza iliingia. Ya pili, ya tatu, ya nne, kila moja kama ufunguo kwenye kufuli lake. Samweli alicheka peke yake hadi Mikindani. Wakageuza. Walipoanza kupanda kilima, aliteremsha gia hadi ya tatu, na ilipofika wakati wa kuitoa, haikutoka.

"Na nani anakaanga korosho hapa barabarani?" Samweli aliuliza, akivuta mkono wa gia kwa nguvu.

Orlando alikuwa ameshaielewa ile harufu. Bushi ya nyuma kabisa iko jirani na ekzosi. Mafuta ya maganda yakipata moto huganda na kuwa kama gundi iliyokauka, na sasa yalikuwa yameishika fimbo. Angeweza kusema mti haukufaa. Samweli hajui miti.

"Ni mimi," alisema. "Bushi nilizipaka mafuta ya maganda ya korosho."

"Kwa nini?"

"Mchwa."

Samweli alimgeukia. "Mchwa wanapanda magari siku hizi, njomba?"

Walirudi Rahaleo polepole kwa gia ya tatu, gari likitetemeka kila kona. Mlangoni mwa gereji Samweli alizima injini, akabaki ameshika usukani.

"Nisingekuwa nimekaa ndani mwenyewe, mzee wangu, ningeweza kuwaambia lolote kule karakana. Jina linakwenda leo. Nitapeleka la Petro, yule fundi mwingine aliyeomba."

"Petro ni fundi mzuri."

"Najua. Lakini nilikutaka wewe."

Telma alipoambiwa aliuliza jambo moja tu, kama Petro ana umri gani. Thelathini na nne, Orlando alimjibu. Telma akaenda kuchemsha maji ya kulikanda bega. Helder alicheka hadi akaweka patasi chini, kisha akasema mpingo mkavu wa kukereza nyingine bado upo.

Jumatatu Petro anaanza kazi Mtawanya. Siku hiyohiyo saa mbili asubuhi Orlando ataingia chini ya gari la Samweli kuzitoa bushi zote nne, na kuisugua fimbo upya.