Kitabu cha Wageni cha Mzee Eliaichi

Jumatano, tarehe 15 Mei 2024. Mvua ilianza alfajiri, ikakatika saa tatu. Jua likatoka kali na barabara ya Chanika ikabaki tope tupu.

Siku hiyo Mkaguzi Apolonia, mpelelezi wa polisi, alikuwa na siku tano tu tangu arudi nchini. Miaka sita alikuwa Gaborone, alikoazimwa kufanya kazi na polisi wa huko. Alikuwa na miaka arobaini na minne, mjane, hana mtoto, na kwao palikuwa kwa kaka yake Cyprian, Gongo la Mboto. Wazazi wao walikufa yeye angali mdogo. Cyprian ndiye aliyemlea, na Apolonia alipokuwa shule ya bweni, kaka huyo alimwandikia barua kila mwezi, kwa mwandiko uliolala kushoto kama mpunga uliopigwa na upepo.

Kesi aliyopewa ilikuwa ya Mzee Eliaichi, mwalimu mstaafu, mwenyekiti wa mtaa wa Mnazi Pacha. Jumapili saa kumi alasiri alikutwa ofisini kwake amekufa, kapigwa kisogoni na chuma cha kufungia mlango. Uchaguzi wa mitaa ulikuwa unakaribia, na mpinzani wake Bakari, fundi wa kuchomelea mageti, wiki hiyo hiyo alisema mkutanoni, “Yule mzee ofisi ile ataitoka kwa jeneza.” Video ikazunguka simu zote. Kufika magharibi Bakari alikuwa mahabusu, karakana yake imeteketezwa, na watu wa chama cha marehemu wanadai anyongwe. Ijumaa alikuwa asomewe shitaka la mauaji. Apolonia alipewa siku mbili kuhakikisha jalada halina tundu.

Kibarazani pa ofisi ya mtaa alimkuta Hamisa, mhudumu, ameketi nyuma ya meza ndogo.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Saini kitabu kwanza, afande.”

“Mie nimekuja kupeleleza.”

“Najua. Hata wenzio waliokuja na bunduki walisaini. Yule mwenye kitambi akanisonya, lakini alisaini. Marehemu hakuwa na mchezo na kitabu chake. Alikuwaga anasema hata Ziraili akija, kwanza ajaze sababu ya ujio.”

Sajenti Praygod, kijana aliyefuatana na Apolonia, akacheka, kisha akakumbuka alipo, akakohoa.

Apolonia akashika kalamu. Jina, atokako, sababu ya ujio, saa, saini. Askari watano walijaza mistari mitano, haraka haraka. Juu yao palikuwa na mstari mmoja wa Jumapili, saa tisa na dakika kumi: Cyprian, katibu wa chama. Gongo la Mboto. Binafsi.

Mwandiko ulilala kushoto.

Kalamu ilimtoka mkononi, ikabiringika chini ya meza. Praygod akainama kuiokota. Apolonia aliusoma tena ule mstari, akausoma mara ya tatu, kama mtu anayetumaini herufi zitasogea. Askari watano wazima walisaini chini yake bila kuinua macho. Nani husoma kitabu cha wageni?

“Mama Hamisa, Jumapili hukulitazama jina hili?”

“Miwani yangu imevunjika tangu Ramadhani, mwanangu. Halafu Jumapili sifanyi kazi. Nilipita saa kumi kumletea mzee uji. Kitabu kiko wazi mezani, nikajua ana mgeni, nikapiga hodi mara tatu.” Hamisa akafuta meza kwa ncha ya kanga. “Kesho yake mzee alikuwa asome mkutanoni majina ya waliojigawia uwanja wa shule. Aliniambia watu watashangaa, maana ni wa chama chake mwenyewe.”

“Karatasi ya majina iko wapi?”

“Ofisi nzima tumeitafuta.”

Jumapili ile Cyprian alikuwa ameaga asubuhi kwamba anakwenda Kimbiji, pwani, shambani kwake. Alirudi jua limezama na mtungo wa changu. Habari za kifo zilipofika, alilia. Apolonia alimfuta machozi, kisha wakala wale samaki.

Alikitia kitabu kwenye mkoba. Saa nane mchana walikuwa Gongo la Mboto. Praygod alibaki nje ya geti na gari. Cyprian alikuwa sebuleni anakula ndizi, kavaa fulana ya chama.

“Karibu mezani, mdogo wangu. Wifi yako kaenda sokoni. Vipi yule mhuni Bakari, kashakiri?”

“Kaka, Jumapili saa tisa ulikuwa wapi?”

“Kimbiji. Si umekula samaki?”

“Kitabu cha wageni cha Mnazi Pacha kina jina lako. Saa tisa na dakika kumi.”

Cyprian aliutazama mkono wake wa kulia, vidole vikiwa na mchuzi.

“Nilisaini?” Aliuliza kwa sauti ndogo, kama anayeuliza habari za mtu mwingine.

Apolonia akavuta kiti, akakaa.

“Sikwenda kumuua,” Cyprian alisema. “Nilikwenda kumsihi aliruke jina langu. Akanambia nikae kitako kama mwanafunzi, halafu akanipa mgongo, anafungua kabati. Mie sijui kile chuma nilikishika saa ngapi.”

“Na karatasi?”

“Niliichoma. Samaki nilinunua njiani.”

“Bakari ananyongwa, kaka.”

“Bakari ana mdomo, umemponza.” Akasogeza sahani. “Apo, ule ni ukurasa mmoja tu. Nani aliyekuvusha mtoni umebebwa mgongoni, ukienda shule? Ukurasa mmoja.”

Apolonia aliukumbuka mgongo ule, na jasho lake. Aliinuka, akaenda dirishani, akaita, “Praygod, njoo ndani. Njoo na pingu.”

Kumfunga hakuweza, Praygod ndiye aliyefunga, huku akisema “samahani, mzee” kila mara. Cyprian aliomba anawe mikono kwanza. Akaruhusiwa.

Alhamisi asubuhi Apolonia aliwahi kituoni, amevaa gauni badala ya sare. Alikabidhi jalada la kesi kwa mkuu wake, kisha akakaa kwenye benchi la mashahidi. Askari akamwambia, “Afande, pita ndani bwana,” naye akajibu kwamba atangoja zamu yake. Maelezo yake yalianza hivi: Mimi ni mdogo wake mtuhumiwa, tumbo moja. Alipomaliza kusaini, alitoka nje, akanunua chupa ya chai na chapati mbili kwa mama ntilie, akarudi nazo kaunta ya mahabusu, akasema ni za Cyprian. Kijana wa zamu akamwagiza aonje mbele yake, kama wanavyoagizwa ndugu wote. Apolonia akamega chapati, akatafuna, akanywa chai mafunda mawili, kisha akamsogezea chupa.