Nabii Hachorwi, Boazi Je?

Mama alikuwa amekwisha kuzungumza na bosi wangu wa zamani kabla hata sijachovya brashi. Nilikuwa nimeacha kazi ya kujaza karatasi za mizigo katika ofisi moja ya Mbaraki ili nichore, na mama, mjane wa mtu wa reli aliyetoka bara akaja kuzoea joto la pwani kwa shingo upande, aliona nimerukwa na akili. Bosi huyo tunasali naye kanisa moja. Alimwambia mama baada ya ibada kwamba kiti changu bado kipo, na mama akarudi nyumbani akitabasamu kana kwamba nimeletewa posa.

Kanisa letu la Ganjoni lilitaka watu wa Biblia wachorwe kwenye ukuta wa ukumbi wa watoto. Mchungaji alikuwa amechoshwa na picha za zamani, ambamo kila mtu ana macho ya buluu, kucha safi na nywele za kutoka saluni. Alitaka watu kama walivyokuwa: rangi yao, nguo zao, viatu vyao. Nichore picha moja kwanza, kamati iitazame. Mama akaona nafasi yake hapo hapo. Picha ikipita, hatanisemesha tena habari za ofisi. Ikikataliwa, Jumatatu narudi Mbaraki. Tukapeana mikono jikoni, na mkono wake ulikuwa na unga wa chapati.

Nilianza na viatu kwa sababu niliogopa nyuso. Nyuma ya Ngome ya Yesu, ndani ya Mji wa Kale, kuna fundi anayeshona makubadhi, zile ndara za ngozi za wazee. Nilikwenda kumuuliza jinsi ngozi inavyoshikana bila msumari. Alipoinua kichwa nikasahau ngozi. Pua ya upanga, rangi ya tende, mikunjo ya mtu aliyefinya macho juani miaka yote. Nilikuwa nimepekua vitabu wiki nzima nikitafuta uso huo, kumbe umekaa kwenye kigoda, unakula kashata.

Lakini Mji wa Kale huwezi kutaja haja yako kabla salamu hazijaisha. Tukaulizana habari za asubuhi, za nyumbani, za mama, za magoti ya mama, za mvua. Hatimaye nikamwambia, "Ami, nataka nikuchore uwe Nabii Musa."

Akaweka kashata chini. "Mwanangu, manabii hawachorwi."

"Basi Daudi."

"Nabii."

"Sulemani?"

"Nabii, na mfalme juu yake."

Ayubu, nabii. Yona, nabii. Nikamtaja Lutu nikidhani huyo Waislamu hawamhesabu; naye nabii. Kila mtu mwema niliyemjua tangu shule ya Jumapili alikuwa ameshachukuliwa. Mwenyewe kuchorwa hakukumsumbua. Alisema picha ya kitambulisho ameshapigwa na ya pasipoti pia, na isitoshe ndevu zake zilikuwa zimetiwa hina upya na ingekuwa hasara zisionekane na mtu. Ila awe mtu, asiwe nabii.

Nikageukia waovu. Yuda alimkataa kwa sababu mji mzima ungemsema. Goliati nilimtaja tu, tukatazamana, tukayaacha. Fundi ananifika begani. Pilato karibu akubali, mpaka nilipomweleza kwamba Warumi wa wakati ule walinyoa ndevu. Akazishika ndevu zake kwa mikono yote miwili.

"Firauni?" nikauliza, nimekata tamaa.

Mkewe alikuwa amekaa ndani ya duka akidarizi vitundu vya kofia kwa sindano, hajasema neno tangu salamu. "Firauni usihangaike kumtora," akasema. "Huyo n'naye nyumbani."

Nilirudi siku ya pili na jina la Boazi. Si nabii, si mwovu, hafi kifo kibaya, ana mashamba ya shayiri. Zaidi ya hayo, ndani ya hadithi yake kuna kiatu: ndugu aliyekuwa na haki ya kukomboa shamba anavua kiatu chake, anampa Boazi, na hiyo ndiyo sahihi ya mambo kwisha. Nilijua fundi atafurahi. Alikasirika.

"Yuwatoa kimoja?"

"Kimoja, ami."

"Na cha pili?"

"Anabaki nacho."

"Sasa wote wawili hawana viatu!" Akamgeukia mkewe. "Wasikia watu hawa?" Ilinibidi ninywe vikombe viwili vya kahawa chungu kabla hajakubali kwamba ndiyo desturi ya zamani, na hata hapo alisema Boazi lazima achorwe na uso wa mtu asiyeridhika.

"Huyu Boazi ana mke?" mkewe akauliza.

"Anaoa, mama. Anamwoa Ruthu, mjane kijana."

Sindano ikasimama. "Na huyo Ruthu utamtora nani?"

"Bado sijampata."

"Ushampata."

Nilijaribu. Nilimweleza kwa adabu zote kwamba historia inasema Ruthu alikuwa kijana. "Na mimi n'likuwa kijana," akajibu, "na huyu hapa ni shahidi." Fundi akatazama dari. Mwisho tukaafikiana kwamba Ruthu atajifunika shela la sufu, na yataonekana macho yake tu, au mato kama asemavyo mwenyewe, ambayo aliyatia wanja siku hiyo hiyo asije mtu akabadili nia. Na kwa kweli yalikuwa mato ya kijana. Nikayachora.

Akabaki Naomi, mama mkwe wa Ruthu, mjane aliyerudi kwao kwa miguu kutoka Moabu, njaa imemkausha, akiwaambia wanawake wa mji wasimwite tena kwa jina lake zuri. Nilimtafuta Naomi sokoni, kanisani, kila mahali. Ningeweza kuokoa nguvu zangu, maana alikuwa nyumbani kwetu, anapika chai chumba cha pili.

Nilipomwomba, mama alikubali, akaja Mji wa Kale amevaa sare ya umoja wa akina mama, miwani, na rangi ya mdomo nyekundu.

"Mama, Naomi ametoka Moabu kwa miguu."

"Hata mimi nimetembea. Tuk-tuk imekataa kuingia kichochoro hiki."

Miwani aliitoa. Rangi ya mdomo aliifuta baada ya mimi kununa. Sare tuliifunika kwa shuka la fundi. Lakini uso ulikataa; kila nikiinua brashi, alijikaza kama anapigwa picha ya harusi. Nilikaribia kumfokea. Ndipo mke wa fundi akamwuliza habari za magoti. Mama akajishusha sakafuni, akanyoosha miguu, akaanza kuyasimulia, kisha akaingia kwenye safari aliyokuja nayo pwani, kisha kwenye marehemu baba, na akanisahau kabisa. Uso ukalegea. Mashavu yakashuka. Mdomo ukabaki wazi kidogo, kama wa mtu aliyetaka kuita kisha akakumbuka hakuna wa kumwitikia. Sikuwahi kumwona mama hivyo. Nilichora haraka, na sikumwonyesha.

Siku ya kamati watu walikaa kwenye viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni. Bosi wangu wa zamani alikuwepo. Akina mama wa umoja walikuwepo. Mama alikaa katikati yao, nadhifu, mkoba mapajani. Nikaondoa kitambaa kilichofunika picha.

Kwanza walicheka. "Huyu Boazi si ndiye aliyenishonea ndara?" mwenyekiti wa kamati akasema, na mchungaji akaeleza vizuri kwamba ndivyo hasa, watu wa kule walikuwa na sura kama za huku. Ruthu aliwapendeza. Kisha wakafika kwa Naomi.

"Huyu bibi kizee atawatisha watoto," mwenyekiti akasema.

"Amekonda mno," mwingine akaongeza.

"Ana sura ya ombaomba." Huyo alikuwa rafiki wa mama, na alikuwa amemwegemea mama bega wakati akisema. "Abadilishwe. Apatikane mwanamke mwenye sura ya heshima, la sivyo picha isipite."

Hakuna aliyemtambua. Ningesema neno moja tu ningenusurika, na neno hilo lingemwaibisha mama mbele ya watu wote anaowajali duniani. Nilimtazama. Alikuwa anaitazama picha, ameishika miwani yake kwa mkono kana kwamba haoni vizuri. Bosi akaanza kunitabasamia kwa huruma. Nilisema moyoni, basi, Jumatatu Mbaraki, nikashika kitambaa nifunike.

Mama akasimama. Alimpa rafiki yake mkoba amshikie, akaja mbele mpaka kwenye picha, akaanza kukaa sakafuni. Ilichukua muda, na alitoa miguno. Alipofika chini alinyoosha miguu, akaweka miwani kando, akaufuta mdomo kwa kiganja, rangi ikasambaa hadi shavuni. Halafu akaulegeza uso. Yote yakashuka mbele yao, mashavu, mdomo, miaka yake yote, sawasawa na nilivyoyachora.

"Haya," akasema. "Nibadilisheni."

Rafiki yake aliuangalia mkoba. Mwenyekiti alijaribu kuinuka, kiti cha mtoto kikamng'ang'ania nyuma, akakaa tena. Mchungaji akauliza kwa sauti ndogo kama kuna pingamizi, na hakukuwa na pingamizi. Tatizo lililobaki lilikuwa kumwinua mama, kwa sababu magoti yalikataa. Mimi nilimshika mkono mmoja, bosi wangu wa zamani akamshika wa pili, tukahesabu, tukavuta. Alikuwa bado nusu njiani, ananing'inia katikati yetu na rangi nyekundu usoni, alipomgeukia yule bwana.

"Kile kiti cha Mbaraki," akamwambia, "mpe mtu mwingine."