Alama ya Pua kwenye Kabati la Chungu

Kila mtu pale makumbusho alikuwa na cheo chake, na cheo cha yule mama alikitundika begani: kitambaa cheupe cha pamba, kilichofuliwa na kufuliwa mpaka kikawa laini kama sikio la ndama. Kwa hiyo walimwita Mama Kitambaa, naye aliitika. Sakafu zilikuwa na watu wake, vyoo vilikuwa na watu wake, lakini vioo vyote vya makabati, kuanzia la vipepeo karibu na mlango mpaka la vyungu kule mwisho wa chumba cha chini, vilikuwa mikononi mwake.

Aliingia alfajiri milango ikiwa imefungwa, na alitoka kwa mlango wa nyuma wageni wakianza kupanga foleni mbele. Wageni wenyewe, basi, hakuwajua. Alijua walichoacha. Kabati la chui aliyekaushwa lilijaa viganja vya watoto, vingine vyenye sukari. Kwenye kabati la shanga wanawake waliacha kidole kimoja tu, kile cha kuonyesha, kile-siyo-hicho-kile-cha-pembeni. Kwenye sarafu za kale palibaki pumzi bila kidole, maana wanaume huzikodolea macho mikono ikiwa mfukoni. Alifuta vyote bila kinyongo. Kioo kilichomtia huzuni ni kile kisicho na alama. Alikifuta hivyo hivyo, taratibu, kama mtu anavyomjulia hali mgonjwa asiyetembelewa na ndugu.

Kabati la vyungu lilikuwa mgonjwa wa namna hiyo. Lilikaa kwenye kona, taa yake hafifu, na rafu zake za juu zilijaa vyungu vilivyofanana kama watoto wa tumbo moja. Rafu ya chini kabisa, karibu na sakafu, ilikuwa na chungu kimoja tu, kidogo, chenye ufa uliozibwa. Siku nenda siku rudi alipita pale bila kukuta hata doa. Halafu asubuhi moja ya Alhamisi, baada ya Jumatano, siku ambayo watu huingia bure, akakuta alama. Ilikuwa chini, usawa wa kile chungu kidogo: mviringo wa paji la uso, chini yake nukta ya pua, na ukungu wa pumzi uliokauka.

Mama Kitambaa akachuchumaa akaitazama. "Karibu, mwanangu," akasema, kisha akaifuta.

Alhamisi iliyofuata ikawepo tena. Na nyingine tena.

Nyumbani aliishi na mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Dereva ingawa lori lake lilishauzwa kama chuma chakavu. Alichobaki nacho ni kioo kimoja cha ubavuni mwa lile lori, kirefu, kipana. Alikifunga kwa skrubu kando ya dirisha, akawa ananyolea ndevu hapo. Watoto wao walikuwa wakubwa na wanaishi mbali, na wajukuu waliwajua kwa sauti za kwenye simu. Ndiyo maana habari ya ile pua iliingia ndani ya nyumba kwa urahisi, ikavuta kiti ikakaa.

"Mtoto wako wa pua amekuja?" Dereva aliuliza kila Alhamisi, kabla hata mkewe hajavua viatu.

"Amekuja. Safari hii ameegemea kweli kweli, paji lote limebaki pale."

"Ana kichwa kikubwa huyo. Atakuja kuwa waziri."

"Au dereva."

"Dereva hahitaji kichwa, mama. Dereva anahitaji shingo."

Dereva alishikilia kwamba ni msichana, kwa sababu wavulana hawawezi kutulia mbele ya chungu. Mama Kitambaa alisema ni mvulana, tena mpole, asiye na mtu wa kumnyanyua aone rafu za juu. Walibishana hivyo huku wakimenya viazi, na viazi viliisha bila ubishi kwisha.

Basi siku moja mkuu wa makumbusho, mwanamke kijana mwenye sauti ya taratibu, akaita kikao cha wafanyakazi wote. Akasema chumba cha chini kitapangwa upya. Kabati la kona litaondolewa, vyungu vitakwenda stoo, na pale patafungwa televisheni kubwa ya kuwaonyesha wanafunzi filamu. "Pale hapasimami mtu," alisema. "Ni nafasi inayokaa bure."

Mama Kitambaa, ambaye kwenye vikao kazi yake ilikuwa kunywa chai na kukubali, akajikuta ameinua mkono. "Yupo anayesimama, mkuu."

"Nani, mama?"

"Simfahamu. Ni mtoto. Namjua kwa pua."

Watu wakacheka, na mkuu naye akacheka kidogo, bila ubaya. Lakini Mama Kitambaa alirudi nyumbani bado analiwaza jambo hilo. Alimwona akilini yule mtoto akija Jumatano yake, akipiga kona, na kukuta ukuta unaowakawaka picha na chungu chake hakipo. Nani angemweleza?

Akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aajiriwe: akaacha kufuta. Kabati zima alilisugua likang'aa, ila pale chini alipazunguka na kitambaa kama mtu anayepalilia na kuliruka ua. Alama za Jumatano moja zikakutana na za Jumatano nyingine, paji juu ya paji, pua ubavuni mwa pua, mpaka mkuu mwenyewe akaona.

"Mama, kile kioo cha kona umekisahau?"

"Sijakisahau. Nimekuachia ukione."

Mkuu akachuchumaa na sketi yake nzuri ya kazini. Akatazama kwa muda. "Ni kweli," akasema. "Yupo." Kisha akainuka, akajipangusa magoti. "Lakini mama, fundi ameshapangiwa Alhamisi ya wiki mbili zijazo, na wanafunzi wanaokuja hapa wanajaza mabasi. Siwezi kuwanyima wote kwa ajili ya mmoja. Unanielewa?"

"Nakuelewa, mwanangu," alisema Mama Kitambaa, na hakujua neno hilo lilivyomtoka mbele ya bosi. Akachukua siki na kitambaa, akafuta.

Kama kabati haliponi, basi mtoto apone. Hivyo ndivyo alivyowaza. Mtoto aliganda kwenye rafu ile kwa sababu iko chini, usawa wa kimo chake. Akipata pa kusimama ataona chui, ataona shanga, na huenda asikililie sana chungu. Akamwomba mumewe atengeneze kigoda. Dereva alikitengeneza kwa mbao za kitanda kibovu, akakipiga msasa kingo zote ili kisimchome mtu, na chini ya ubao wa kukalia akachora gurudumu la lori kwa kalamu ya risasi. "Akiwa msichana, limtunze," alisema. "Akiwa mvulana, ajifunze."

Jumatano ilipofika, Mama Kitambaa hakutoka kwa mlango wa nyuma. Alibaki kwenye kona, kigoda mkononi, akiwapima watoto waliopita. Walipita mbio kwenda kwa chui.

Aliyekuja ni mzee.

Alikuja akifuata ukuta, kiganja kikiparaza rangi yake, fimbo mkono wa pili, na mgongo wake umekunjika kiunoni kama bawaba iliyoshika kutu. Uso wake ulitazama sakafu, na pale alipojitahidi sana ulifika usawa wa magoti ya watu. Akalifikia kabati, akaweka mikono juu ya magoti, akaegemeza paji la uso kwenye kioo. Pua ikafuata.

Mama Kitambaa alisimama na kigoda chake kama aliyeshuka kituo kisicho chake.

"Hivyo viatu havitembei," mzee akasema bila kugeuka. "Vinanisubiri mimi?"

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Na hicho kigoda je?"

Angeweza kusema ni cha kazi. Lakini mzee alikuwa na sauti isiyodanganyika. "Nilikileta kwa ajili yako, baba. Nafuta vioo hapa, nilipoona alama zako nikadhani u mtoto mdogo. Nilitaka upande, uone na vya juu."

Mzee alicheka mpaka akashika kabati. "Mimi nikipanda hapo, mwanangu, nitaiona sakafu kwa mbali zaidi. Basi." Kisha akakivuta kwa fimbo, akakaa. "Lakini cha kukalia kinafaa. Aliyekipiga msasa ana huruma."

Pale juu ya kigoda akaeleza. Alikuwa mchukuzi. Nyumba hii ilipokuwa mpya, walikodiwa vijana wenye nguvu kushusha masanduku kwenye magari na kuyaingiza ndani, na msimamizi alikwenda nyuma yao akipiga kelele: polepole, msidondoshe.

"Tukauliza, ndani mna nini? Tukaambiwa, mtakuja kuona. Nikasema sawa, nitakuja. Ukawa leo mzigo, kesho watoto, keshokutwa mzigo. Na mgongo nao ukaanza kuniinamisha, kidogo kidogo, bila kelele. Nilipopata nafasi ya kuja, nikakuta kila nilichobeba wamekiweka juu." Akagusa kioo. "Hiki peke yake ndicho ninachokiona. Basi nimekifanya changu. Najiambia, hiki nilikileta mimi."

"Labda ni kweli."

"Labda. Kuna sanduku moja refu, hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Tulilibeba kundi zima, likaniangukia bega hili, na bega halijarudi mahali pake. Ningependa kujua lilikuwa na nini."

Mama Kitambaa alijua. Mzee alikuwa amepita chini yake muda mfupi uliopita, kama anavyopita kila Jumatano: mifupa ya nyangumi, iliyoning'inizwa kwa nyaya kwenye dari ya ukumbi mkubwa, kutoka ukuta hadi ukuta. Neno moja tu lingetosha. Akatazama shingo ya yule mzee, akalimeza lile neno. Huyu hakuahidiwa kuambiwa. Aliahidiwa kuona.

"Utakuja Jumatano ijayo, baba?"

"Niende wapi kwingine?"

"Basi uje. Kesho yake kabati hili linaondolewa."

Mzee alinyoosha mkono. Akakipapasa kioo kama mtu anavyompapasa mtoto aliyelala. "Nitakuja kuliaga," akasema.

Siku zilizofuata Mama Kitambaa alikosa raha. Alifikiria ngazi, alifikiria kumlaza mzee chali kwenye benchi la ukumbini. Hilo la benchi alilikataa mwenyewe, maana mgongo ule usingelala, na hata ungelala, haifai kumlaza mtu mzima hadharani kama samaki sokoni. Kisha asubuhi moja aliketi chini akifunga viatu, Dereva amesimama dirishani na povu mashavuni. Dereva alikiinamisha kioo chake cha lori apate kunyoa chini ya kidevu, na Mama Kitambaa, kule chini alikokaa, akamwona ndani yake mjusi wa darini.

"Nipe hicho kioo."

"Nina povu usoni, mwanamke."

"Maliza upande mmoja unipe."

Jumatano akakibeba kifuani, kimefungwa kwenye kitambaa. Mzee alikuja amevaa shati lililopigwa pasi. Mama Kitambaa akampeleka katikati ya ukumbi mkubwa, akakishika kioo chini ya uso wake kama mtu anayeshika sinia.

"Naona mzee mmoja mbaya sana," mzee akasema.

"Subiri, baba. Nakigeuza."

Akakiinamisha. Taa za dari zikapita, dirisha likapita, kisha ukaingia ubavu mmoja mweupe, na mwingine, na mwingine, na uti wa mgongo ulionyooka kama njia.

Watu waliokuwa wakipita walipunguza sauti bila kujua kwa nini. Mama Kitambaa alianza kutembea kinyumenyume, kioo kikimwonyesha mzee mifupa kuanzia mkiani, na mzee akamfuata kwa hatua za mchukuzi.

"Polepole," alimwambia. "Usidondoshe."

Walipofika kwenye kichwa, mzee akainama zaidi, mpaka pua ikagusa kioo.

"Kumbe ni wewe," akamwambia nyangumi. "Kumbe ni wewe uliyenilalia bega."

Kioo kilikuwa kimeanza kuilemea mikono ya Mama Kitambaa. Mikono mingine ikatokea ubavuni, yenye kucha safi, ikashika upande wa pili wa kioo. Alikuwa mkuu. "Twende wapi sasa?" akanong'ona. Wakaenda, watatu na kioo chao, kwa chui, kwa shanga, kwa sarafu, na kila mahali mzee alisema, "Hiki kilikuwa chepesi," au, "Hiki nakikumbuka."

Mwishowe akakataa kioo. Akaenda peke yake kwenye kona, akaegemeza paji lake kwa kile chungu kidogo, akakaa hapo kitambo.

Kesho yake kabati likaondolewa. Mafundi walipolibeba, kabla halijatoka mlangoni, Mama Kitambaa alilifuta mara moja ya mwisho, kote.

Jioni Dereva alikifunga kioo chake kwa skrubu mahali pake, akarudi nyuma, akakunja uso.

"Wewe unalipwa kwa kufuta vioo, halafu changu kina alama ya pua hapa katikati."

"Iache."

"Nitanyoaje?"

"Nyolea pembeni yake. Na usikikaze sana. Jumatano nakihitaji."