Ngiri Hawana Jumapili

Harufu ya leleshwa ikiungua ndiyo iliyoniamsha kila Jumapili ya mwaka ule. Mama alikuwa akichochea moto kwa matawi ya kichaka hicho cha majani ya kijivu, na moshi wake mkali ukachanganyika na harufu ya mbwa waliolowa umande, kwa maana baba alikuwa ameshawaita mlangoni. Tuliishi Ndabibi, si mbali na ziwa, katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la mzungu, miaka ya hamsini ilipokuwa ikielekea ukingoni. Wazazi wangu walikuwa wametoka Bunyore kutafuta kazi, na mzungu akawapa kipande cha ardhi nyuma ya kambi walime chakula chao. Kipande hicho ndicho kilichotulisha, na mwaka ule ngiri walikigundua.

Ngiri si mnyama wa kuviziwa usiku. Jua likizama huingia shimoni kinyumenyume, meno yakiwa yameelekea mlangoni, akalala usingizi wa mwenye haki. Kukicha hutoka na watoto wake, mikia juu, wakapiga magoti katika viazi vya watu na kufukua. Saa hizo baba alikuwa kwa mzungu, akikamua ng'ombe au akipalilia, Jumatatu mpaka Jumamosi jioni. Mchana wa kuwafuata kwa mbwa na mkuki ulikuwa mmoja tu katika wiki, na kanisa lilikuwa limeushika kwanza.

Kanisa letu lilikuwa la udongo na nyasi, na Mzee Eliya ndiye aliyefundisha darasa la ubatizo. Baba alikuwa mwanafunzi wake. Mpaka abatizwe na ndoa yao ibarikiwe, mama hakuruhusiwa kuikaribia meza ya Bwana. Miaka nenda miaka rudi alikuwa akiiona sahani ya mkate ikimpita. Lakini Mzee Eliya alikuwa ametangaza kwamba atakayewinda Jumapili ataondolewa darasani. Siku moja, baada ya ibada, walisimama uani wakaliongea.

"Baba Rispa, hata Mungu alipumzika siku ya saba," alisema Mzee Eliya.

"Alipumzika akiwa amemaliza kazi, mzee. Yangu bado iko."

Watu wakacheka. Jirani yetu, Mama Trufena, akadakia, "Basi waite hao ngiri darasani, mzee. Kupiga magoti wanajua tayari."

Mzee Eliya naye alitabasamu, kisha akachoka usoni. "Nikimwachilia mmoja, kesho sina kanisa. Nina kundi la wawindaji."

Wakati huohuo mlio wa bunduki ulisikika kutoka upande wa ziwa. Mzungu alikuwa akiwinda ndege pamoja na wageni wake. Sote tulisikia, na hakuna aliyegeuza shingo.

"Huyo naye, mzee," mama aliuliza polepole, "utamtoa darasa gani?"

 Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini Mzee Eliya hakuwa na shibe. Yeye pia alikuwa na kipande chake nyuma ya kambi, nacho kilifukuliwa kama chetu.

Kwa ajili ya mama, baba alitii. Alikaa kanisani Jumapili baada ya Jumapili, mbwa wakilala mlangoni, huku viazi vikiisha. Jumamosi ya kuamkia ubatizo mama alirudi kutoka shambani na viazi vidogo kama gololi, vichache mno kujaza sufuria. Alivimenya kimoja kimoja. Alipomaliza alisema, "Kesho nenda na mbwa."

"Na ubatizo?"

"Watoto hawali ubatizo."

Asubuhi Mzee Eliya alisoma majina. Alipofika kwa baba, mama alisimama. "Hayupo. Yuko kazini." Akaketi. Mzee alingoja kidogo, kama mtu anayetumaini kuokolewa, kisha akasoma jina lililofuata. Sahani ya mkate ilipopita mama aliinamisha kichwa, akakinyoosha kitambaa chake ambacho hakikuwa na kunjo lolote.

Njia mbili zilimshinda fisi. Baba alirudi jioni mikono mitupu, amembeba mbwa mmoja aliyechanwa ubavuni. Mzee Eliya akaja kutuona, mama akamwandalia viazi vile vile. Aliviombea kwa muda mrefu mpaka vikapoa. "Mwaka ujao, Baba Rispa," alisema. Baba akaitika. Mwaka ujao ulikuja na ngiri wake.

Juzi, katika kibaraza cha rafiki yangu huku Milimani, Nakuru, waandishi wenzangu walibishana kama kuwinda siku ya Jumapili kuruhusiwe. Mmoja aliwatetea wanyama, mwingine Sabato, mwingine uhuru. Walisema vizuri, na chai ilikuwa moto. Mimi nilichoka kabla sijafungua mdomo. Jumapili zangu ni zangu zote. Nalala mpaka jua linifikie kitandani. Nilipomtembelea baba, nilimuuliza swali lao. Mama ameshatutoka, hakuwahi kuula mkate ule, na baba haongei sana siku hizi. 

"Mngetupa Jumamosi tu," alisema, kana kwamba sasa mimi ni mmoja wa wale wanaogawa siku.