Siku Mama Mkwe Alipoleta Maharage Komini

Naona aibu mpaka leo, na kama si Kizito kuitangaza habari hii kwa namna yake kuanzia Rubona mpaka Mahoko, nisingefungua mdomo. Lakini kwa kuwa kila nikija likizo Gisenyi nakuta watu wanachekea viganjani, basi leo nisikilizeni mimi mwenyewe mwenye mkasa.

Mnakumbuka Deo wangu alitangulia Ubelgiji, kaka yake alimpatia kazi ya ufundi wa magari huko, nami nikabaki hapa na mama yake nikisubiri viza ya kumfuata. Mwaka mzima nalala upande mmoja wa kitanda, kana kwamba mwenyewe ametoka tu kidogo na atarudi sasa hivi. Basi ubalozi kule Kigali wakataka karatasi ya mwenendo mwema kutoka komini, ofisi ya serikali ya hapa kwetu, na kwa kuwa mimi na Deo tulikulia Goma kabla ya kurudi Rwanda, komini wakasema wao hawajui niliishije huko, nilete mashahidi waseme kama nimewahi kukamatwa, tena waseme tulijuana wapi na mume wangu, maana kuna watu wanaofunga ndoa kwa ajili ya ndege tu.

Hapo sasa. Mimi na Deo tulijuana kasho. (Msicheke! Ndiyo, kasho, mahabusu ya polisi pale Goma.) Nilikuwa msichana, shangazi alinituma kuvusha vitenge, na nyie watu wa mpakani mnajua vinavyovushwa: unavivaa vyote, kimoja juu ya kingine, unakwenda mwembamba unarudi mnene, unatembea taratibu na mkono kiunoni kama mjamzito wa miezi yake yote. Siku hiyo fundo likafunguka mbele ya mtu wa forodha, vitenge vikaanza kushuka kimoja baada ya kingine, mimi nakonda tu huku ananitazama. Deo yeye alishikwa kwa kuendesha baiskeli isiyo na plaki, kile kibati cha namba. Wakatuweka uani, wanawake kwenye benchi, wanaume ukutani, asubuhi tukatozwa faini tukaachiliwa, na makosa yenyewe ndiyo hayo tu.

Ila jioni ile mama mmoja alikuja kumletea Deo maharage na viazi, kwa sababu kasho haikulishi, unalishwa na kwenu. Kwetu walikuwa hawajui niko wapi. Yule mama akaniona nimejifunika kitenge uso mzima kwa haya, akagawa chakula nusu kwa nusu, akapenyeza sahani chini ya kitenge bila hata kuniuliza jina. Nilikula, jamani. Sahani niliirudisha kama imeoshwa.

Mnaelewa sasa shida yangu. Yule mama ndiye mama mkwe! Deo aliponipeleka kwao tukasema tumejuana kwaya (Deo, mwenye sauti ya mbuzi!). Kwetu bibi arusi hata kula mbele ya mama mkwe anaona haya, sasa ningeanzia wapi kumwambia kwamba mimi ndiye yule wa benchi? Mama akasema kwaya ni kitu kizuri, na mimi nikashukuru kwamba hakuniona sura siku ile.

Kwa hiyo komini waliponitaka mashahidi, nikaamua kajambo kadogo tu: nitasema sijawahi kukamatwa, na tulijuana kwaya. Nikamwendea Kizito, kiongozi wa kwaya ya parokia yetu, naye aliwahi kuishi Goma. Akasema, "Bon, hiyo ni kazi kidogo, we uniachie mimi." Nilitaka watu wawili. Kizito akaleta kwaya nzima, na sare za Jumapili, na ngoma.

Mama sikumwambia kitu. Nilimuaga kwamba nakwenda Mahoko kununua kabichi.

Afisa aliyetupokea alikuwa kijana aliyekulia Tanzania, Kiswahili chake kimenyooka mpaka unaogopa kukijibu. "Karibuni ndugu zangu," akasema, "ila hiyo ngoma ni ya nini?" Akauliza, basi, huyu Deo alikuwa akiimba sauti gani? Mmoja akasema ya kwanza, mwingine akasema besi, Kizito akakohoa akasema, "Alikuwa anabadilisha, chef, kufuatana na wimbo." Nikaanza kutoka jasho. Afisa akaweka kalamu chini, akanigeukia mimi.

"Dada, umewahi kukamatwa mahali popote, hata kwa kosa dogo?"

Nikafungua mdomo nikimwona Deo kabisa mbele yangu, nusura lile "hapana" litoke, mara mlango ukasukumwa, akaingia mama mkwe, sufuria kichwani, blanketi kwapani, anahema. Kumbe jirani amepita komini, ameniona kati ya watu wengi na askari mlangoni, akakimbia kumwambia kwamba mkwe wake ameshikwa. Na mama akiogopa, Kinyarwanda chote kinamtoka, kinabaki Kiswahili cha Goma, kile ambacho "ndiyo" ni "njo" na "vile" ni "bile".

"Chef, tafazali, mumuache mutoto wangu! Kama ni bitenge tena, mi nitalipa!"

"Vitenge gani, mama?" afisa akauliza kwa upole.

"Si bile bya Goma? Lakini bile, faini iliisha! Balimulaza inje na baridi, yeye na Deo wa baiskeli, mi njo nilibaletea maarage!"

Kisha mtu wa sauti ya kwanza akapasuka kucheka, na kwaya nzima ikafuata, safari hii kwa sauti moja. Afisa akamtazama Kizito. "Kwa hiyo kwaya yenyewe ilikuwa ndani ya kasho?" Kizito akajificha nyuma ya ngoma.

Mimi sikucheka. Nilimshika mama mkono nikasema, "Mama, ulikuwa unajua?"

"Nilikujua siku Deo anakuleta nyumbani. Bile bidole byako, njo bile bilipokea sahani yangu." Akanifuta jasho kwa pembe ya kitenge chake. "Ile jioni nilisema, Mungu, huyu mutoto iko na njaa na hana mutu. Kisha ukanirudia muke wa Deo. Nilifurahi sana."

"Na miaka yote hii hukusema?"

"We ulikuwa unaona haya. Nikangoja ikuishe."

Nililia pale pale, mbele ya kwaya. Nilikuwa nampenda mama yule tangu siku nyingi, lakini nilikuwa nampenda kwa kujificha.

Afisa akachukua tena kalamu yake, akasema, "Dada, vitenge na plaki si kitu, nitaandika ulipigwa faini ukalipa. Lakini ningeandika hii kwaya, na mumeo akaulizwa kule akasema kasho, wangeona ndoa yenu ni ya uongo." Akawatoa waimbaji nje, akamwandika mama peke yake kuwa shahidi. Mama akaweka dole gumba. Halafu akakataa kabisa kurudi na sufuria nyumbani, eti chakula alichopelekewa mtu hakirudi, akaifunua juu ya meza ya serikali, na mimi nikala mbele ya mama mkwe, afisa akiwa ananitazama, kwaya ikichungulia dirishani.

Kigali nilipoulizwa nilisema kweli yote, na yule mama wa ubalozi akacheka mpaka akavua miwani. Viza ikatoka. Tangu hapo nimeapa, ukiniuliza swali nitakujibu ilivyo hata kama nimevuliwa vitenge barabarani, na kwaya ninaikaribisha harusini tu.

Siku ya kuondoka sanduku lilikataa kufungika, mama alikuwa amenunua vitenge vingi mno. Akavitoa, akaanza kunivisha kimoja juu ya kingine, mimi nanenepa tu katikati ya chumba, tunacheka wote wawili na macho yametulowa. Akanizunguka, akapiga magoti. Fundo la mwisho alilifunga yeye mwenyewe, akalivuta mara mbili kuona kama limeshika.