Nusu ya Njia, Penye Birika la Kufulia

Jumapili iliyopita rafiki yangu Mkenya, muuguzi anayeishi Germantown, alikuja kunitembelea hapa Langley Park, Maryland. Tulikula, tukanywa chai, tukaongea mpaka giza likakaribia. Alipoinuka kwenda, nami nikainuka na kuchukua koti.

"Aki wewe, si ukae tu," akasema. "Gari iko hapo nje. Hii baridi itakumaliza bure."

Binti yangu, macho kwenye simu, akasema kwa Kiingereza kwamba mgeni ana miguu na njia anaijua. Nikamwambia avae viatu. Gari lenyewe halikuwa hapo nje. Kwa sababu ya ujenzi wa reli alikuwa ameliegesha mbali, nyuma ya maduka. Tulimfikisha nusu ya njia tukaagana. Tuliporudi, binti yangu akaniuliza kwa nini watu wetu hawawezi kuagana mlangoni kama wengine. Nilimwambia ni desturi tu. Acha nikueleze wewe.

Kabla ya kuja Marekani tulikaa miaka michache Ufaransa, mashambani kabisa. Baba alipata kazi kwenye kiwanda cha mbao akatutoa Bukavu sote, pamoja na bibi, mama yake. Tangu wakati ule nimehama mji kwa mji na kazi kwa kazi, na nikikaa mahali sana miguu inaniwasha. Lakini nikisikia neno njia, ninayoiona ni ile ya bonde lile.

Haikuwa njia ya kumtoa mtu jasho. Ilianza nyuma ya nyumba yetu, ikafuata mto mdogo, wa polepole, uliopita kati ya malisho ya ng'ombe na miti mirefu iliyopandwa mstari mmoja. Hapakuwa na kilima cha kutaja. Kazi yetu watoto ilikuwa kufungua mageti ya mbao na kuyafunga tena, ng'ombe wasitoke. Saa sita kengele ya kanisa ililia, na bonde zima likaanza kunuka vitunguu vinavyokaangwa kwa siagi. Katikati ya njia palikuwa na birika la mawe chini ya paa, ambamo wanawake wa zamani walifulia nguo. Ukiendelea mbele ulifika kwenye jengo la kinu cha zamani cha kusagia ngano, kisichosaga tena. Humo alikaa jirani yetu, mama mzee mjane, na mbuzi wake.

Kwenye miti palichorwa mistari miwili ya rangi, mweupe na mwekundu, ya kuwaongoza watu wa mjini waliokuja kutembea kwa kujifurahisha. Bibi hakuelewa jambo hilo kabisa. Aliwaona wanapita na mizigo mgongoni, fimbo mkononi, viatu vimejaa tope, wengine na watoto, akasimama mlangoni kwa huruma.

"Maskini! Nani amewafukuza hawa?"

Nilimweleza kwamba hakuna aliyewafukuza, wanatembea tu.

"Kutembea tu, na sufuria mgongoni?" Akaenda kuwachemshia viazi. Walivila kwa shukrani, wakapiga picha naye, wakaendelea na safari yao. Bibi akabaki anatikisa kichwa.

Jirani wa kinuni ndiye mtu pekee aliyekuja kukaa na bibi. Baba na mama walikuwa kazini, sisi shuleni, na bibi hakujua Kifaransa zaidi ya salamu. Jirani alileta jibini ya mbuzi, wakakaa jikoni wakimenya maharagwe, kila mmoja akiongea lugha yake. Akiinuka kuondoka, bibi alijifunga kanga akatoka naye. "Mugeni haendake peke yake kama mwizi," alisema. Akamfuata hadi getini, akapita geti, akaendelea naye kando ya mto. Jirani aligeuka mara kwa mara kumtazama.

Kisha akaacha kuja. Wiki ikapita, na nyingine. Bibi aliweka kiti chake dirishani, akawa hali chakula vizuri. Aliyetuletea habari ni mwuza mkate, aliyepita na gari lake akipiga honi. Alimwambia mama kwamba jirani amekasirika: kila akitutembelea, yule bibi wa Kiafrika anamfuata nyuma kuhakikisha ameondoka, kana kwamba ataiba matunda ya plamu bustanini.

Mama alipomtafsiria, bibi aliketi chini. "Mimi namuheshimu, yeye anaona namufukuza?"

Kesho yake alikaanga maandazi, akanishika mkono, tukaenda kinuni. Niliogopa ugomvi. Hakugusia jambo lolote. Tulikula, mbuzi wakachungulia mlangoni. Saa ya kuondoka bibi akasimama kizingitini, asitoke.

"Mwambie anisindikize."

Nikasema kwa Kifaransa kwamba bibi anaomba watembee pamoja kidogo, kwamba kwetu mgeni hutolewa hivyo. Jirani akaenda kutafuta viatu vyake vya mpira. Tulipofika penye birika, bibi alimshika mabega akamgeuza aelekee kwake. "Sasa rudi. Nusu inatosha. Mtu wa kusindikizwa mpaka mwisho ni maiti." Nilitafsiri yote, hata maiti. Jirani akacheka mpaka akashika nguzo.

Tangu siku ile ikawa desturi yao. Jirani akija kwetu, bibi anamfikisha penye birika. Bibi akienda kinuni, jirani anamrudisha hapohapo, na anayesindikiza anageuzwa kwa mabega arudi kwake.

Karatasi za Marekani zilipotoka, tuliondoka asubuhi moja ya ukungu, mizigo mgongoni kama wale watembezi. Kituo cha basi kilikuwa kupita kinu, ng'ambo ya daraja, na jirani alikuja mpaka nyumbani kututoa. Penye birika bibi alisimama, akamshika mabega, akambusu, akamwambia aishie hapo. Jirani alitikisa kichwa. Akachukua kifurushi mkononi mwa bibi, akatangulia. Tulipita kinu chake, tukapita daraja, tukafika barabarani.

Ndani ya basi nilimwambia bibi, "Jirani amesahau nusu."

"Hakusahau," akasema, akatazama nje.

Bibi tumemzika hapa Maryland, na tulimfikisha mpaka mwisho. Mwaka juzi nilirudi kwenye lile bonde, peke yangu. Kinu kimekuwa nyumba ya wageni wa kiangazi. Mageti ya mbao yameondolewa, honi ya mkate haisikiki, na jirani yuko makaburini nyuma ya kanisa. Mistari ile ya mitini, mweupe na mwekundu, ingali inapakwa rangi upya. Penye birika wamepanda maua. Nilisimama hapo kitambo, kwa mazoea. Hapakuwa na wa kunigeuza, nikaendelea kutembea.