Ng'ombe wa Mama Amepotelea Benki

Admin, nakuomba unifiche, maana Busia ni ndogo na huku kila mtu ni shemeji ya mtu. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na saba, Msamia wa upande wa Kenya, nashona nguo kwenye kibanda changu karibu na soko. Nimechumbiwa na kijana wa Nagongera anayefanya kazi Tororo mjini, ng'ambo huko Uganda. Hapa nitamwita Owor, ingawa si jina lake. Wiki hii yote kazi haiendi, juzi nimekata gauni la mteja vibaya. Mahari yangu imeleta vita, na mimi ndio niko katikati.

Wazee walikaa wakaelewana vizuri kabisa. Siku hizi ng'ombe hawaswagwi kuvuka mpaka, wanageuzwa pesa, lakini bado wanatajwa mmoja mmoja: huyu wa baba, huyu wa mjomba, na wa mwisho ni wa mama aliyenibeba mgongoni. Sasa, dada yangu mkubwa alipoolewa mahari ilikuja kwa bahasha, ikapita mikononi mwa baba wadogo, na ilipomfikia baba ilikuwa imekonda. Kwa hivyo safari hii baba akakataa mambo ya bahasha. Akasema pesa yote iingie kwa akaunti yake benki, mara moja, na asisikie mtu mwingine ameishika.

Owor akakubali. Kosa letu ni lile la watu wa mpakani. Tumezoea wale wanaume wa kubadilisha pesa pale getini. Unauliza leo ni ngapi, unaambiwa, mnahesabiana, unaenda zako. Asubuhi ile Owor alinipigia simu nimuulizie bei ya getini, nikamuulizia, akapiga hesabu kwa hiyo bei, akatuma. Hata akaongeza kidogo ya soda ya wazee. Hatukuwaza kabisa kwamba benki nayo ina bei yake.

Pesa ilipofika, wazee wa kwetu walikuwa wameketi wanasubiri. Baba akasoma meseji, akavaa miwani, akasoma tena. Ilikuwa imepungua, na si kidogo, ni ng'ombe mzima. Baba mdogo akasema waziwazi kwamba hao wa Uganda wametupima wakaona sisi ni watu wa kupunguziwa. Na kwa kuwa ng'ombe wa mama hutajwa mwisho, aliyekosekana akawa ni wa mama. Mama akajifanya anaenda kuangalia sufuria, nikamkuta jikoni analia. Iliniuma sana.

Nilienda benki mwenyewe nikiwa na risiti ya Owor kwenye simu. Dada wa kaunta akanieleza pole pole kwamba pesa haivuki kama sisi tunavyovuka kwa miguu. Ya Uganda iligeuzwa dola kwanza, dola ikageuzwa ya Kenya, kila mahali kwa bei yao. Benki ya kutuma ikakata, ya kupokea ikakata, na kuna benki ya katikati nayo ikakata yake. Benki ya katikati, jamani! Kutoka Tororo hadi hapa mtu anaenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana, huyo wa katikati anakaa wapi?

Nikarudi nikaeleza. Baba akanisikiliza hadi mwisho, halafu akasema, "Ng'ombe akifia njiani, aliyemtoa ndiye analeta mwingine. Siwezi kuzika ng'ombe ambaye sikumwona."

Nikampigia Owor, akampa simu baba yake mkubwa, mzee ambaye siku zote ni mpole. Siku hiyo hakuwa mpole. "Ngombe yetu ilitoka huku mzima," akaniambia. "Baba yako aulize ile benki yenye ilichinja. Sisi hatuwezi lipa ngombe moja mara mbili." Na hakuna upande umeenda kugombana na benki. Wanagombana wao kwa wao, kwa sababu benki haina mtu wa kumtukana ukasikia nafuu.

Kilichonikera zaidi ni Owor kuniuliza kama nina hakika baba hakujichotea kidogo kwanza. Nilimkatia simu. Lakini shetani akanipitia, nikajikuta namwomba baba nione ile meseji kwa macho yangu. Akanipa simu. Ilikuwa vile vile alivyosema. Tangu hapo hanisemeshi kama zamani, na simlaumu.

Nina akiba ya kununua mashini nyingine. Inamtosha huyo ng'ombe. Mama ananiambia nimpe Owor kimya kimya, avuke nayo mkononi, aseme imetoka kwao. Lakini kwetu binti hajilipii mahari. Baba akijua atasema nimejioa mwenyewe, na watu wa hapa hawasahau neno kama hilo. Na siku tukikosana na Owor akanitupia hilo neno usoni, nitalificha wapi?

Jana mambo yamezidi. Baba amesema hapokei mahari pungufu, Jumatatu anairudisha yote, kwa benki ile ile, ili wasiseme ameila. Nikamwambia, "Baba, ikirudi kwa benki itakatwa tena." Akajibu kwamba hilo ni lao. Yaani itafika Tororo imepungua ng'ombe mwingine, na wale nao watasema aliyemla ni baba. Na mahari ikisharudi, kwetu mimi si mchumba wa mtu tena. Kila mtu anauliza habari za ng'ombe, hakuna aliyeniuliza kama nampenda Owor. Nampenda.

Leo ni Ijumaa. Nishaurini ndugu zangu, hasa nyinyi mlioolewa ng'ambo ya mpaka. Nitoe akiba yangu nidanganye wazee wa pande zote mbili, au nikae kimya nimtazame baba akivaa koti la kwenda benki?